Tai Uliowatia Kwenye Magunia

Ndugu yangu Javan,

Nakuandikia barua hii wazi, mbele ya ukoo na majirani na yeyote atakayeisoma, kwa sababu simu umeizima, na kwa sababu uwongo wako uliutoa mbele za watu. Najua uko Vihiga kwa mama. Umejilaza kwenye kile kitanda cha baba, unaletewa uji na kujifanya una malaria. Kunywa tu. Mimi tangu Jumanne chakula hakipiti. Nikifumba macho nasikia harufu ya lile gunia, nikisikia jina lako nahisi kichefuchefu. Sikuchukii, Javan. Chuki ningeimudu. Nakuonea kinyaa.

Lakini nianzie mbali kidogo, maana kinyaa hiki kisingekuwa kikali hivi kama ungekuwa mtu baki.

Unakumbuka Machi za utoto wetu pale Dagoretti? Baba alikuwa akichuna ngozi machinjioni, na nyuma ya ukuta kulikuwa na lile jaa la matumbo na damu lililonuka mpaka kwenye nguo tulizoanika nyumbani. Watoto wengine walipita mbio, wameziba pua. Sisi baba alituketisha pale pale juu ya jiwe, Jumapili baada ya ibada, na viatu vyetu vya kanisa, akatuonyesha ndege. Kongoti, wale wenye vipara na mifuko shingoni waliokaa pale mwaka mzima, aliwaita wenyeji. Lakini tai wakubwa wa kahawia waliotufikia kila mwisho wa mwaka kutoka kaskazini ya mbali aliwaita wageni. Wewe ulikuwa huwezi kuwatofautisha na wengine, ukalia kwa hasira, mpaka akakufundisha kutazama mdomo: mgeni ana mstari wa njano unaofika hadi nyuma ya jicho, kana kwamba anacheka na hataki kuacha. Kuanzia siku hiyo wewe ndiye uliyewaona wa kwanza kila mwaka. Hilo sikunyimi. Macho yako yalikuwa makali kuliko yangu na ya baba.

Na kwetu mgeni akiaga haachwi mlangoni. Anasindikizwa, mnatembea naye mpaka mkubaliane kwamba hapa panatosha. Baba hakuona sababu ya kuwabagua ndege. Kwa hiyo Machi, tai walipoanza kuzunguka juu kwa juu bila kupiga mbawa na kuelekea kaskazini, pamoja na korongo weupe na mbayuwayu, alivaa koti lake la kanisani tukaondoka kwa miguu. Uthiru, Kangemi, tukavuka barabara kuu, mpaka kule mlimani Kitisuru penye mageti makubwa. Mlinzi mmoja akatusimamisha.

"Mzee, unatafuta nani hapa?"

"Sitafuti mtu. Nasindikiza wageni."

"Wageni gani? Mi sioni mtu."

Baba akainua kidole. Yule mlinzi akatazama tai, akatutazama sisi na vumbi letu, akasema, "Mzee, wewe una mambo!" Kisha akatuletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Mwaka uliofuata tulimkuta anatungoja. Wewe ulikuwa mabegani kwa baba, unapunga mikono yote miwili mpaka anga ikabaki tupu, halafu ukadai ubebwe tena njia nzima ya kurudi, mvivu wewe. Tulicheka sana siku hizo. Nikikumbuka sasa, nakasirika zaidi.

Baba alikuwa na kanuni yake pia. Alisema mvua ya masika ikishanyesha siku tatu mfululizo, usiwatafute tena, wageni wamekwenda. Kanuni hiyo ilitosha wakati ule, kwa sababu mvua ilijua mwezi wake. Siku hizi haijui. Unafahamu kwamba Jumamosi huwa nawatembeza watazamaji wa ndege kule Spring Valley na Kitisuru, darubini shingoni. Mwaka huu mvua ilishuka mapema, Machi ikiwa changa, na wageni walikuwa bado hawajaanza hata kukusanyika. Keremkerem, wale ndege wadogo wala nyuki, ndio kwanza walikuwa wanapita juu ya miti wakiitana. Ungeniuliza ningekuambia. Hukuniuliza.

Wewe ulipanda ngazi kuliko baba. Ulifungua banda lako la ngozi, hatua chache kutoka jaa lile lile. Mbwa wa jaani wakawa wanaingia na kurarua ngozi ulizowamba, na najua hasara ilikuuma. Ukaamua kuwawekea nyama iliyotiwa dawa ya kuulia wadudu shambani. Lakini Februari hukuiweka. Ulingoja. Uliniambia mwenyewe kwa simu Jumanne jioni, kabla hujaizima, huku unalia kama mtoto:

"Dada, mi nilingoja mvua. Ilinyesha siku tatu, si unajua vile baba alikuwa anasema? Nikajua wameenda. Honestly, nilijua wameenda."

Nilikuamini. Mpaka sasa nakuamini. Kosa hilo lisingeweza kufanywa na mtu mwingine yeyote Nairobi hii, maana mwingine asingejali wageni wapo au hawapo. Ungeishia hapo ningekugombeza wiki nzima, halafu ningekupikia kuku. Tatizo ni kwamba ulipokuwa unanililia nilikuwa nimeshayaona magunia.

Mutua ndiye aliyenipigia asubuhi ya Jumanne hiyo hiyo. Nasema kwa faida ya wanaosoma: Mutua ni mzee wa Machakos ambaye amekutilia ngozi chumvi tangu siku ulipofungua banda. Aliniambia tu, "Sister, kuja huku mtoni. Usiniulize, kuja." Nikaomba ruhusa ofisini, nikatoka mjini nikaja na viatu vyangu vya kazini. Magunia matatu yalikuwa yamekwama kwenye matope ya ule mto ulio nyuma ya banda lako, chini ya bustani za sukuma wiki ambazo watu wanazimwagilia kwa maji yale yale. Moja lilikuwa limepasuka, mawili Mutua akayafungua. Tai walikuwa saba. Kucha zao zilikuwa zimejikunja ngumi, povu limekauka mdomoni, nzi wameshaingia machoni. Na ule mstari wa njano, Javan, ulikuwa bado unacheka. Nikatapika pale pale juu ya viatu.

Mutua alingoja nimalize, kisha akasema bila kunitazama, "Wawili walikuwa bado wanapumua. Nikamwambia boss tungoje kidogo. Akasema funga."

Funga. Ungeweza kuketi nao. Ungeweza kuwaacha hata wafie juani. Wewe uliwafunga hai pamoja na waliokufa, ukawarusha kwenye maji ambayo watu wanamwagilia mboga, ukaenda kunawa mikono kwa sabuni.

Niliwaita maofisa wa wanyamapori mimi mwenyewe. Nilikuwa na ujinga wa kudhani kwamba ukiwaona utasimama useme kosa lako, kwa sababu ulikuwa umeniambia, na aliyeweza kuniambia mimi angeweza kumwambia mtu yeyote. Walipofika Jumatano ulitoka na shati lililopigwa pasi, uso mkavu, ukamwonyesha Mutua kwa kidole.

"Mimi sijui kitu, officer. Mambo ya mbwa ni huyu mzee anahandle."

Mutua alifuta mikono yake kwenye aproni, maana ilikuwa imejaa chumvi, akaitoa afungwe pingu. Alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenu, na maneno yako ya simu bado masikioni, nikanyamaza. Nikatazama chini. Kwa hiyo usidhani kinyaa chote ni chako. Nimejigawia fungu langu, na ni kubwa.

Siku mbili nilikaa hivyo. Nilijiambia hakuna ushahidi. Ofisa alisema ni neno la Mutua dhidi ya neno lako, na neno la mtia chumvi mbele ya neno la mwenye banda unajua lina uzito gani. Lingehitajika neno la tatu, na hilo nilikuwa nalo mimi. Mama akapiga simu. Hakuuliza kama ulifanya au hukufanya. Alisema, "Mwanangu, huyo Mutua ana watu wake, wacha wamtetee. Wewe nyamaza. Msinipasulie nyumba." Nampenda mama, lakini siku hiyo niliona aibu kuwa nimetoka tumboni mwake. Nyumba gani hiyo ambayo nguzo yake ni mzee aliyelala seli kwa kosa la mwingine?

Nikafikiria mke wa Mutua, ambaye nimewahi kula kwake muthokoi na kushiba. Nikafikiria nitakavyoingia tena Kitisuru Jumamosi na darubini yangu, niwaambie watu wenye kofia safi, tazameni, wale wanarudi kaskazini. Nikajiona mchafu kuliko jaa.

Leo asubuhi nimekwenda kuandikisha maelezo yangu kwa maofisa. Ofisa ni kijana mpole, aliacha kuandika mara mbili.

"Madam, uko sure? Huyu si ni brother yako?"

"Ni ndugu yangu. Tumbo moja."

"Ukisign hii huwezi rudi nyuma. Anaweza fungwa, na sio siku mbili."

"Andika."

Akaandika yote: mvua, siku tatu, dawa, magunia, na jinsi ulivyolia. Mutua ametoka saa saba mchana. Hakunishukuru, na angenishukuru ningezidi kuona haya. Alinipa mkono tu, akasema ana njaa, nikampeleka ng'ambo ya barabara akala githeri, mimi nikashika kikombe cha chai.

Wanakuja kukuchukua Jumatatu. Ofisa amesema naweza kukuambia ujisalimishe kabla, na ndiyo sababu nyingine ya barua hii. Amka kitandani, mwambie mama ukweli kwa mdomo wako, uvae, uende kituoni mwenyewe, wasije wakamvamia mama nyumbani. Popote watakapokuweka nitakuletea sabuni na chakula. Nitaleta kila wiki. Lakini nikiulizwa tena nitasema haya haya. Heri sikutakii leo, haitoki.

Kabla sijatia sahihi, ofisa aliniuliza nimejuaje kwa hakika kwamba sauti ile kwenye simu ilikuwa yako, maana mtu akilia sauti hubadilika. Nikamwambia ulipokuwa mdogo mama alikuwa akishinda sokoni kutwa, na aliyekufundisha kusema ni mimi.

Dada yako mkubwa