Mama Ampumzisha Samaki

Nyanchwa, Sabato jioni

Sijakasirika, nimechoka tu. Hawa samaki wangu, diskasi, walivuliwa mtoni, hawajazoea tangi la kioo, na mara tatu wamekula mayai yao. Safari hii watoto walifika hadi kuogelea. Asubuhi niliwaacha wamemganda mama yao ubavuni wakila ute wa ngozi yake, maana hawana chakula kingine.

Niliporudi kutoka kanisani nikampata jike ndani ya ndoo. Mama yangu, aliyefika jana kutoka Manga, ndiye aliyemtoa.

"Walikuwa wanammaliza," akasema. "Aliyejifungua hupumzishwa. Hata mkeo nilimpumzisha."

Maji ya ndoo yalikuwa baridi na jike alikuwa amelala ubavu. Nimemrudisha, lakini sijui kama atapona.

Watoto nilidhani wamekufa. Kumbe wote walikuwa wamehamia kwa dume, naye ametulia tu, akiwaacha wale ute wake.

Mama aliinama kwenye kioo, akamtazama kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo baba anaweza," akasema.

Baba yangu aliondoka kabla sijajua kutembea. Jua lilikuwa limetua na Sabato imeisha, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ya mvua ya kuwabadilishia samaki.