Taa za Vasanthi na Bakuli la Mama

Nizwa, Ijumaa baada ya Alasiri

Dada yangu Sabah,

Shikamoo dada. Goti lako linasemaje? Mwanangu Humaid aliporudi kutoka huko kwenu Sur aliniambia kuwa siku hizi unasali kwenye kiti, nikakaa kitako nikalia, maana kwangu mimi wewe bado ni yule wa kuruka ukuta wa skuli. Jipake mafuta ya habasoda usiku, uyapashe moto kidogo. Na shemeji Thani, presha yake imeshuka? Mwambie apunguze chumvi, na achari zile asizipelekee mkono kila zikipita. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Baba Humaid jicho limepoa, mitende imezaa vizuri. Ni mimi tu ambaye chakula hakinipiti kooni, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Utasema huyu naye anaandika barua kama watu wa kale na simu anayo mkononi. Dada, nikikutumia sauti utaifungua jikoni mbele ya watu, na kabla ya Isha itakuwa imefika Maskati na kurudi Nizwa na pilipili juu. Mwandiko wangu unaujua, skuli mimi niliiacha njiani. Basi soma taratibu, na usome peke yako.

Nimepata habari kuwa huna raha. Wewe ndiye uliyetuunganisha na nyumba ya Bi Wadha, na sasa wanasema huko kuwa Lamees kamkataa mwanawe Bassam kwa sababu ana mwanamme mwengine. Hana, wallahi. Mwanangu hana mtu. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe utahukumu.

Unamkumbuka Vasanthi, yule Mhindi wa Kitamil aliyepanga chumba chetu cha uani, mwalimu wa hesabu. Kila mwezi ana siku yake moja, huitafuta katika kalenda yao, siku ambayo mwezi unakaa pamoja na Kilimia. Siku hiyo hufunga tangu asubuhi. Hukaa kizingitini kwake akasokota tambi za pamba katika viganja, akachora maua chini kwa unga wa mchele, na jua likizama akapanga vitaa vya udongo, vile vidogo vya wafinyanzi wa Bahla, akavitia mafuta ya ufuta na kuviwasha kimoja kimoja huku akiimba kwa sauti ya chini. Sisi Kilimia tuliambiwa na babu kule Wete kuwa ni nyota za kulimia. Hapa watu wanaiita Thuraya, na wazee walikuwa wakigawana kwayo maji ya falaji, mifereji ya mashamba, usiku. Yeye Vasanthi aliniambia kuwa kwao nyota zile ni wanawake sita walionyonyesha mtoto mmoja asiyekuwa wao. Mimi hayo siyaamini, Mungu mmoja, lakini nilimsikiliza mpaka mwisho. Yeye hakujaaliwa mtoto.

Sikufichi, harufu ya mafuta yale nilikuwa siipendi, na sisimizi wa ule unga waliingia mpaka kwenye kabati langu la sukari. Nikilalamika Vasanthi akicheka, akasema unga ule ni sadaka ya hao sisimizi nao. Lakini wakati ule tulipokuwa Maskati kwa operesheni ya baba Humaid, nani alimlisha Lamees? Nani alikaa naye kitandani alipougua manjano, akimnywesha maji ya wali kwa kijiko? Hesabu za skuli nani alimsomesha mpaka akaingia chuo kikuu? Unajua wewe.

Sasa Bi Wadha na Bassam wakaja kupanga siku ya harusi, na ikawa ndiyo siku ya taa. Nilipika nguru na wali wa samli, tukala mapema kwa sababu ya safari yao. Nikawanawisha kwa birika na lile bakuli la shaba la mama, lililotoka naye Unguja. Mgeni wa kuoa nisimtolee la plastiki. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, wanaume wakaenda msikitini. Bassam akasema yeye msafiri, atachanganya na Isha. Mama yake akasema vivyo hivyo. Basi nikaenda kusali na wao nikawaacha barazani na kahawa.

Nilipokuwa nakunja msala niliwaona kwa dirisha la uani. Bassam alikuwa na bakuli la mama mikononi, na ndani yake maji yale ya kunawia, dada, na mafuta ya samaki juu, na miiba, na chembe za wali. Akakohoa kutoka ndani ya kifua, akatemea humo. Halafu akamimina juu ya taa, moja baada ya moja, pole pole, kama mtu anayemwagilia maua. Na simu aliyekuwa ameishika ni mama mtu, akimpiga video, akimwelekeza asiiache ile ya mwisho.

Vasanthi akatoka na chupa yake ya mafuta mkononi. Samaki yeye hali kabisa, na siku ile alikuwa na saumu yake. Aliviokota vitaa akavitia katika pindo la sari, vinachuruzika. Bassam alikuwa amelitupa bakuli pale chini. Vasanthi akaliokota, akaja mpaka mlangoni kwangu, akanipa kwa mikono miwili, akasema Mama Humaid, bakuli lako hili. Nami nikalipokea.

Bi Wadha aliporudi ndani alijisifu kuwa amenifanyia hisani, kwani bibi harusi hatolewi katika nyumba yenye sihiri mlangoni. Akafanya na mzaha, akasema usiku ule sisimizi wa Mhindi watalala wameshiba wali kwa nguru. Halafu akaliweka sharti lake wazi: mwanamke yule ahame kabla ya harusi. Akaomba haluwa tena. Nikamtazama anavyolamba vidole nikaona kinyaa, mpaka leo haluwa siitaki machoni.

Si watu wa Sur wote, dada. Mumeo ni wa huko huko na sijaona mtu wa adabu kama yeye.

Baba Humaid aliposikia alisikitika, lakini akasema tusivunje jambo kubwa kwa vitaa vya udongo, tumwambie Vasanthi kwa uzuri atafute pahala pengine. Sasa nikuambie kweli. Nilikubali. Nilikuwa nimeshavaa buibui nivuke ua nikamwambie ahame, kwa sababu ya furaha ya mwanangu. Nikapita chumbani kwa Lamees kumuaga, nikamsikia anacheka. Anacheka kwa tumbo, kama alipokuwa mdogo. Nikafurahi, nikafungua mlango. Alikuwa anaitazama ile video, Bassam amemtumia. Akairudisha nyuma ili nami nione, akaniambia mama tazama hapa, tazama uso wake anapotoka.

Uso wa Vasanthi, dada.

Si Lamees aliyemkataa Bassam. Ni mimi. Lamees anamtaka, analia, hasemi na mimi, na kwa baba yake ananiita adui. Waache watu wa Sur waseme mwanamme mwengine. Sikuona haya kwa mtoto wa Wadha, huyo ni wao na aibu yao. Kinyaa nilichokiona kwa mtoto wangu ndicho kinachoninyima usingizi, na nikaogopa atakavyokuwa katika nyumba ile baada ya mwaka, na watoto atakaowazaa watacheka nini.

Vasanthi hajahama. Mwezi uliofuata aliwasha taa zake ndani, mlango kaufunga, nikajua kwa harufu ya ufuta, na safari hii nilisimama nikaivuta. Nilimpelekea vitaa vipya kutoka Bahla. Akavipokea, akashukuru, akaviweka juu ya friji. Bado viko juu ya friji.

Barua hii anakuletea Lamees mwenyewe, Humaid ndiye anayemwendesha. Begi jekundu ni vitu vyao vya posa, mfikishie Bi Wadha. Kilichofungwa katika kanga ni bakuli la mama. Nimelisugua kwa majivu na ndimu na bado siwezi kumnawisha mtu kwalo. Mpe Lamees alisugue yeye, umkalie mbele kama mama alivyokuwa akitukalia. Kisha mwambie akuoneshe ile video, anayo katika simu, hajaifuta. Wewe usiitazame video, mtazame yeye. Akicheka, nijulishe. Na asipocheka, dada yangu, niandikie upesi zaidi.

Mbusie mikono shemeji Thani. Wasalimie Hiba na wanawe, na majirani wote wanaoniuliza. Usisahau mafuta ya goti.

Ni mdogo wako asiye na mwengine wa kumwambia,

Fawziya, mama yao Humaid na Lamees