Sekunde Kumi na Sita

Jumamosi, 9 Machi
Fundi cherehani amevunjika mkono. Wa kulia — wa mkasi.
Alikuja asubuhi, somo lake la nne. Akasoma ubao wangu wa taarifa pale mlangoni: mawimbi nusu mita, upepo hafifu, wanaoanza waingie. Akaniambia, leo nitasimama, mdogo wangu, utaona. Na kweli alisimama juu ya bodi. Kisha likaja wimbi lililompita kimo, na jingine nyuma yake, na jingine. Bodi ikamgeukia. Shemeji — mume wa dada, mwenye shule hii ya kuteleza mawimbini kwa bodi — alimtoa majini akiwa ameukumbatia mkono wake kama kichanga.
Nimewaambia wote bahari ilibadilika ghafla.

Jumapili, 10 Machi
Niandike ukweli hapa, maana kwingine sijausema. Jana sikufungua utabiri wa bahari kwenye simu. Nilichelewa kuamka, nikachungulia dirishani, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Nikanakili ubaoni taarifa ya Ijumaa. Nilibadilisha tarehe tu.
Leo nimeufungua. Jana: mita moja na nusu, sekunde kumi na sita. Hizo sekunde ndizo zinazoninyima raha. Ni muda kati ya wimbi na wimbi. Zikiwa saba au nane, ni fujo tu ya upepo wa hapa hapa. Kumi na sita ni mawimbi yaliyotoka mbali, mazito, yanakuja kwa makundi. Kundi likipita, bahari inatulia hata dakika kumi, huidhanii kitu. Mimi nilichungulia katika huo utulivu. Na somo hili hili nawafundisha wageni kila wiki, kwa kijiti, mchangani!
Ubao niliufuta kabla hajafikishwa hospitali.

Jumatatu, 11 Machi
Chakula hakipiti. Dada anadhani nina malaria. Nimemwacha adhani.

Jumanne, 12 Machi
Shemeji anawaambia wateja utabiri ulitudanganya. Akanipigapiga begani — usijali shemeji, mtambo ndio uliokosea, si wewe. Nikaitikia kwa kichwa. Sasa uongo tunausema wawili, na mmoja wetu hajui kuwa ni uongo. Anataka tuuache ule utabiri, tutafute mwingine. Utabiri wa watu, haukukosea hata nukta.

Alhamisi, 14 Machi
Nimekwenda kwa fundi. Chumba cha mbele ndicho kiwanda chake. Sare kumi na moja za shule zimekatwa, hazijashonwa. Mumewe ndiye aliye kwenye cherehani, ulimi nje, mshono unakwenda kombo. Fundi anamwelekeza kwa kidevu. Huyu, akaniambia, nikimwachia kola atanishonea mfuko. Tukacheka wote. Mimi nilicheka kupita kiasi.
Wakati wa kuondoka akanishika mkono kwa ule wake mzima. "Usijitese, mdogo wangu. Wewe uliandika ulichokiona."
Maneno yalinifika mdomoni. Nikaomba maji ya kunywa.

Jumamosi, 16 Machi
Fundi ameniita. Plasta ikitoka anataka kurudi majini, lakini safari hii asome utabiri mwenyewe. "Nifundishe. Tuanze na siku ile ile, nione ulikosea wapi."
Ningeweza kumfungulia siku nyingine. Ningesema mtandao unasumbua. Nikafungua ile ile.
Alisoma polepole, kidole kwenye kioo. "Mita moja na nusu. Mbona ubao ulisema nusu?"
Nikamwambia. Dirisha, taarifa ya Ijumaa, kitambaa cha kufutia. Yote. Mumewe alisimamisha cherehani.
Fundi hakupandisha sauti. Alinitazama, halafu akautazama mkono wake, kama vile anaulinganisha na maneno yangu. Akauliza jambo moja tu: "Shemeji yako anajua?"
Hajui.
Akaomba simu yangu, akaingia nayo chumba cha ndani na kurudisha mlango. Mimi niko hapa kwenye benchi la wateja, naandika ili mikono ipate kazi. Mumewe anafumua mshono, uzi mmoja mmoja.
Kuondoka siwezi, simu anayo yeye. Hata ningekuwa nayo, nisingeweza.
Sasa nasikia sauti yake mle ndani, ya upole kabisa, anaongea na mtu.
"Hapana, si shemeji yako. Ni mimi, fundi. Kaa kwanza chini."