Mama wa Kwenye Video

Kwako Shemeji,

Shikamoo. Najua utasema nakuzeesha, lakini pokea. Hujambo? Goti linaendeleaje? Na bwana wako bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku wazima. Mimi mgongo unauma, lakini huo ni mgongo wa kubeba zege, hauna jipya. Mwanao mzima. Anakula, anasoma, anabishana. Kwenye kubishana amekufuata wewe mtupu.

Mimi si mtu wa kuandika, unajua, na mwandiko wangu kama kuku kapita. Lakini kuna jambo la mwanao na linakuhusu. Nakuomba usome mpaka chini kabla hujakasirika.

Unajua anasomea mambo ya video na kompyuta pale chuoni. Mimi nilidhani wanafundishwa kubonyeza. Kumbe kubonyeza ndiyo kazi ndogo. Kila mwanafunzi anatengeneza kitu chake, halafu anasimama mbele ya watu anaulizwa kwa nini. Kwa nini rangi hii, kwa nini muziki huu, kwa nini picha umeikata hapa na siyo pale. Na huwezi kujibu kwamba umependa tu. Ukijibu hivyo mwalimu anakwambia kaa chini, fikiria, urudi.

Basi mwanao akashinda mezani, hedifoni masikioni, anarudisha picha nyuma, anapeleka mbele. Mara ananiita, baba njoo, herufi hizi au hizi? Mimi naona zote sawa. Akasema hapana, hizi zinapiga kelele, hizi zinaongea. Nikamwambia weka zinazoongea, kelele nazipata kazini za kutosha. Akacheka, akaziweka. Lakini video yenyewe akakataa kunionyesha. Alisema nitaiona siku ya kuonyesha pale chuoni, na wazazi wenzangu, kama watu.

Siku ikafika, nikaomba ruhusa kazini. Msimamizi akauliza nani anaumwa. Nikamwambia haumwi mtu, nakwenda kuangalia video ya binti yangu. Yule bwana akapanda juu ya tofali akawatangazia wote kwamba Mzee Zege leo anakwenda sinema, anayetaka bisi aagize mapema. Walicheka hao! Nikanawa mikono nikaondoka. Saruji ya kwenye kucha haikutoka, nikaiacha.

Chumba chenyewe viti vya plastiki, mapazia yamefungwa, kitambaa cheupe ukutani. Wazazi tulikuwa wachache, tumekaa nyuma kama tumeitwa kwa kosa. Akaanza kijana mmoja, video yake maandishi yote mekundu. Mwalimu akamuuliza kwa nini nyekundu. Akasema nyekundu inavutia watu. Mwalimu akamwambia hata taa ya barabarani ni nyekundu, na watu wakiiona wanasimama, hawaji. Chumba kizima kikaangua kicheko, yeye mwenyewe akacheka. Mwalimu huyo ni mama wa makamo, mpole, lakini swali lake likikushika halikuachii.

Halafu akaja mwanao.

Video yake ni nyumba yetu. Hakuna mtu ndani yake, Shemeji. Mlango wa jikoni. Birika linachemka. Buti zangu pale chini. Kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi, nilichokiwekea kipande cha ubao. Kila kitu kimepigwa kwa karibu, kimya, hakuna muziki. Mimi nikawa najisemea moyoni kwamba huyu mtoto kaenda chuo kupiga picha birika.

Kisha giza. Kitambaa chote cheusi. Nikajua umeme umekatika, nikaanza kuwatukana wenye umeme kimoyomoyo. Mara sauti ya mwanamke ikatoka humo gizani. Ikauliza, umekula wewe? Ikanyamaza kidogo. Halafu ikasema, usinidanganye, umekula chakula au umekunywa chai tu?

Nikajibu.

Nilijibu kwa sauti, Shemeji. Pale mbele ya watu. Nilisema, chai tu.

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wote kwa pamoja, nadhani kwa sababu ya uso wangu. Mama mmoja jirani yangu akanishika mkono wa shati, akaniachia. Pale mbele kwenye giza yakatokea maandishi madogo meupe, Sauti: Mama. Video ikaisha.

Mwalimu akauliza kwa nini giza. Mwanao alisimama vizuri, mikono nyuma. Akasema picha za mama anazo, lakini zote ni za harusini, mama amesimama wima kama amekamatwa, na mdomo ameufunga. Huyo siye mama wa jikoni. Akimweka huyo pale, atakuwa ameleta mgeni. Ndiyo akaona bora aache giza, kila mtu amuone humo mama yake mwenyewe. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akasema hiyo ni sababu. Akauliza na sauti ameipata wapi, ilirekodiwa lini.

Hapo mwanao akaniangalia. Akasema sauti siyo ya marehemu. Ya marehemu hawana hata moja. Ni ya mama mkubwa.

Ni wewe, Shemeji. Ni ule ujumbe wa sauti uliomtumia wakati wa mitihani, uliposikia amekonda.

Ikawa vurugu. Mwalimu akamwambia hujasema uongo, lakini umetuacha tujidanganye wenyewe, tungetoka hapa tukiamini tumemsikia aliyekufa. Mwanao akamwuliza kwani mama mkubwa siyo mama? Yule kijana wa nyekundu akadakia kwamba yeye kalelewa na mama mkubwa, na akimwita vingine anapigwa. Wakagawanyika. Wengine wanasema neno ni sahihi, wengine wanasema neno ni sahihi ila limewekwa mahali pa kudanganya. Mwalimu akawanyamazisha. Akasema wote wana haki, ndiyo maana ni uamuzi na siyo hesabu. Akampa mwanao kazi mbili. Apate ruhusa ya mwenye sauti, kwa sababu video nzuri zitaonyeshwa kwa watu wa nje. Na neno la mwisho aliamue upya, aandike sababu zake. Bila hayo haipokei.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kona ya duka la dawa mwanao akaanza kulia. Akasema baba nisamehe, nilitaka ufurahi, naitoa ile sauti leo hii naacha giza lenyewe. Nikamwambia asitoe kitu. Nikamwambia nyamaza, watu watadhani nimekupiga.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia yeye.

Kila ukipiga simu, nasema salama, nampa mwanao. Unadhani nina kiburi. Siyo kiburi. Watu walikuwa wanasema wewe na marehemu mkiongea chumba cha pili hamjulikani nani ni nani, na mimi nilikuwa naogopa nikikusikia nitamsikia yeye. Basi baada ya siku ile nikaichukua simu ya mwanao, nikakaa jikoni, nikakusikiliza. Nikarudia. Nikarudia tena. Nilitaka nijue mnafanana wapi na mnaachana wapi.

Sijui, Shemeji. Sijui kama mnafanana. Maneno yake yote ninayo. Matusi yake ya mapenzi ninayo, ninaweza kukuandikia hapa uone aibu. Lakini sauti yenyewe nikiitafuta haipo. Imenitoka, na sikujua imetoka lini. Zamani niliogopa kwamba unafanana naye. Sasa naogopa kwamba siwezi kujua.

Na pale chuoni sikumjibu marehemu. Nimelifikiria sana hili. Niliulizwa kama nimekula, nikajibu. Muda mrefu hakuna mtu mzima aliyeniuliza.

Kwa hiyo ninalokuomba si dogo. Neno likibaki Mama, wote watakaoiona watadhani wewe ndiye marehemu. Ukisema hutaki kuzikwa kwenye video ukiwa bado unapika na kugombana na mumeo, nakuelewa, na hakuna atakayekulaumu. Mwanao anataka libaki Mama. Anasema ndivyo anavyokuita na hawezi kubadili kinywa kwa ajili ya watu wa nje. Mimi nimemwambia aandike Mama Mkubwa. Nimemwambia mama mmoja tumeshamzika, huyu mwingine amwache awe hai mpaka kwenye maandishi. Alinuna, akasema hilo neno Mkubwa litaharibu ule mstari, utakuwa mrefu. Baadaye akasema sauti ni yako, basi neno nalo uamue wewe. Hapo tumekubaliana.

Ruhusa mtumie yeye, kwa simu, kwa sauti hiyo hiyo, mwalimu anataka aisikie. Lakini mimi nipigie mimi. Usiseme nikupe mwanao, safari hii nataka kuongea na wewe mimi mwenyewe. Wewe ulilala na marehemu mdogo wako kitanda kimoja tangu mkiwa watoto, wewe unajua alivyokuwa anaongea. Zungumza chochote, nitolee hata habari za goti. Halafu niambie ukweli: hivyo ndivyo alivyokuwa, au alikuwa mwingine. Ukiniambia alikuwa mwingine, nitauliza vipi, na wewe utanieleza taratibu. Nina subira.

Msalimie bwana na wanao wote, mkubwa kwa mdogo. Mwanao wa huku anakusalimia. Anaogopa umekasirika, anazungukazunguka hapa anajifanya anafuta meza. Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Kalamu naiweka, vidole vimekufa ganzi.

Ni mimi shemeji yako,
Mzee Zege

Jumapili sina kazi. Simu nitakuwa nayo mkononi.