Paka wa Mgiriki Hatoki Nyumbani Mwangu

Mama Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada, lakini kwanza nikuambie jambo moja ili tusipotezeane wakati: usinishauri nimtupe paka, maana sitamtupa, na hao wanaoniambia hivyo hapa nyumbani wananitosha. Ninachotaka kwako ni unifundishe namna ya kumtunza paka mwenye mimba, kwa sababu mimi sijawahi kufuga hata mbwa, na tena uniambie mbele ya watu wote kama ni kweli paka anaweza kubeba mimba ya mtu, maana ndivyo ninavyosemwa. Jina langu usilisome. Lile la ubatizo siku hizi halisomwi redioni, tangu serikali ikataze majina ya Kizungu, na hili jipya mtaa mzima unalijua.

Mimi ni mwanamke wa Bengamisa, niliolewa hapa Kisangani katika familia ya wavuvi wa maporomoko, mume wangu alisoma akawa karani lakini kaka zake wote bado wanaingia majini na mitego yao, na mama yao anauza samaki wa kukaushwa. Tulioana mwaka ule nchi ilipobadilishwa jina na mpaka leo sijapata mtoto. Nimekunywa dawa za majani, nimeombewa, nimekwenda kwa sista wa zahanati akanipima akasema haoni ubaya wowote, nirudi na mume wangu naye apimwe, nilipomwambia mume wangu alicheka tu, basi tukaliacha hapo.

Sasa Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, tulitumwa wanawake wa mtaa wetu kufyeka majani nyuma ya duka la yule Mgiriki aliyeondoka wakati maduka ya wageni yalipochukuliwa na serikali, na ndani ya majani alikuwemo paka, wa rangi ya majivu, shingoni bado ana kamba nyekundu aliyofungwa na mwenyewe, ndipo nikajua ni yule wa dukani aliyekuwa analala juu ya magunia ya chumvi. Wifi yangu akapiga kelele kwamba huyo ni ndoki, mchawi, akainua jembe. Mimi sikuwaza kitu, nilifungua pagne yangu, kitenge cha juu, nikamfunika paka nikamwinua, na jembe likapiga pale pale nilipokuwa nimeinama. Wote waliona, na hakuna aliyemwambia wifi neno, mimi ndiye niliyeambiwa nimerogwa.

Sikujua kwamba ana mimba, nilidhani ni minyoo. Mama Madina jirani yetu, Mwislamu wa kutoka Maniema ambaye kwake paka hawakosi, ndiye aliyempapasa tumbo akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia hiyo minyoo iko na miguu na mikia. Nilifurahi, Mama Mshauri, sikufichi, nilifurahi sana hata nikaona aibu kwa furaha yenyewe. Nikampa jina la Yangai, kama wasemavyo Lingala, yaani wangu mimi.

Nikaanza kumtunza, na kwa kuwa sikujua miiko ya paka nilitumia ile niliyoijua. Wiki ya ndoa yangu mama mkwe alinikalisha akanifundisha miiko ya kwao ya mwanamke mwenye mimba: asile samaki asiye na magamba mtoto asije akateleza kabla ya siku zake, asile yai mtoto asizaliwe na upara, asile nyama ya kuwindwa, asivuke maji, apakwe mawese tumboni kila jioni na kukandwa. Niliishika yote kichwani nikiisubiri siku yangu. Siku haikuja, basi nikamfanyia Yangai. Nampa wali na pondu ya majani ya muhogo, nampa kwanga, ule mkate wa muhogo, samaki nimemnyima ingawa wananing'inia juu ya moto wetu wamejaa, kila jioni nampaka mawese na kumkanda naye ananikwaruza mikono, na mlango nimeufunga asiende akavuka mfereji. Anakonda mgongo, tumbo tu ndilo linakua, analia siku nzima akitazama juu kwenye samaki. Sijui nimekosea wapi.

Halafu mama mkwe akaja. Alimkuta Yangai amelala mlangoni na lile tumbo lake, akalitazama, akalitazama langu, akasema mbele ya watu waliokuja kununua mikate ninayokaanga, akimnyooshea Yangai kidole:

"Mimba yako njo ile. Unaitafuta fasi zote, kumbe ile nyama ilishaibeba."

Kuna mmoja aliyerudisha mkate kwenye sahani. Tangu siku hiyo familia inasema paka lazima atiwe kwenye gunia na kutupwa mtoni kabla hajazaa, kwa sababu akishazaa basi tumbo langu limekwisha, halitarudi tena, na kama sitaki nirudi Bengamisa mimi na paka wangu. Jumapili hii baada ya misa kutakuwa na kikao, tonton, yaani wajomba na baba wadogo wa mume wangu, watakuja wote. Nilimuuliza mume wangu yeye ana neno gani. Akajibu, "Mama alishasema. Mi nitaongeza nini?" Kisha akarudi kupiga pasi abakosti yake, lile koti la kazini lisilovaliwa na tai. Na siku ile Yangai alipoingia kwenye sanduku la nguo akaanza kuzikwaruza na kuzizungusha, mume wangu aligombana juu ya hiyo abakosti kuliko alivyowahi kugombana juu yangu.

Mama Madina alisema atamchukua yeye, mambo yaishe. Nilimshukuru nikakataa. Nikimtoa paka nitakuwa nimekubali kwamba aliniibia, na sijaibiwa. Nyumba hii tuliijenga wawili, matofali niliyabeba kwa kichwa changu na bati lilinunuliwa kwa mikate. Lakini usiku naogopa, maana je, kama ni kweli?

Isome Jumamosi, tukitoka salongo, maana hapo wote wanakaa uani kwetu kusikiliza transista. Nataka wasikie.

Ni mimi, Mama wa Paka. Wamenipa jina hilo kwa kunidharau, nami nimelichukua.

*

Mama wa Paka,

Nimeisoma yote, wala sikuruka mstari. Wewe ni jasiri, na nitakusifu baadaye. Kwanza nikugombeze, maana umestahili.

Unawezaje kumshindisha njaa mama mjamzito chini ya samaki walioning'inia? Miiko uliyofundishwa ni ya wakwe wa ukoo wa mume wako. Huyo paka hakuolewa na ukoo wa mume wako, hakuna aliyemtolea mahari, na mama mkwe wako hana amri juu ya sahani yake. Paka anaishi kwa nyama na samaki. Pondu na kwanga kwake ni kama kumlisha mtu maganda. Inuka sasa hivi, niache mimi niendelee kuongea, shusha samaki mmoja, mtoe miba, muoshe chumvi, mchemshe bila pilipili, umpe. Mpe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kwa sababu tumbo lililojaa watoto halina nafasi ya chakula kingi. Yai mpe pia, lililochemshwa. Watoto wake hawatazaliwa na upara, nakuhakikishia. Na maji safi yasikosekane.

Mawese acha. Kumkanda acha kabisa, unaweza kumuua yeye na walio ndani. Hiyo mikwaruzo mikononi alikuwa anakuambia, hukutaka kusikia.

Najua kwa nini ulifanya hivyo. Mtu aliyeishika miiko miaka yote hiyo akiisubiri siku yake, siwezi kumcheka. Lakini huruma kwako isimgharimu paka.

Sasa kuzaa kwenyewe. Anapoingia sandukuni na kuzungusha nguo anatafuta mahali pa kuzalia, na maana yake siku ziko karibu. Chukua katoni, tandika kitambaa kikuukuu cha pagne, iweke pembeni penye giza pasipopita watu. Sanduku la bwana lifunge, abakosti yake ipone na masikio yako yapone. Uchungu ukianza, kaa mbali umtazame, usimvute mtoto, usimwite jirani kuja kuangalia. Anajua kazi hiyo kuliko wewe na mimi. Kama anasukuma na kusukuma, anachoka, na hakuna kinachotoka, hapo usingoje miujiza, mbebe na katoni yake umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Na sikiliza hapa vizuri, na wote mlio hapo uani sikilizeni. Kila mtoto akitoka, paka atamlamba, atakata kitovu kwa meno, na atakula kondo la nyuma. Atalila mbele ya macho yenu na mdomo utakuwa na damu. Hajala mtoto. Hajala mimba ya mtu. Kila paka hufanya hivyo, wa padri, wa mkuu wa mtaa, na hao wa Mama Madina, muulizeni. Baadaye atawabeba kwa shingo kuwahamisha, na huko nako hakuna uchawi, ni ninyi mmewasumbua. Nalisema leo kwa sababu namjua mtu wa kupiga kelele atakayeingia siku hiyo na jembe lake.

Umeniuliza kama paka anaweza kubeba mimba ya mtu. Hapana. Hawezi, hakuweza jana, hataweza kesho. Yule paka alipata mimba kwa paka dume, huko huko kwenye majani nyuma ya duka, wakati wewe uko kwako unakaanga mikate. Hakukuibia kitu. Usiku ukiogopa, jisemee hivyo kwa sauti, ulale.

Lakini kuna jambo umelitaja kwa haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai. Ulikwenda kwa sista, akakupima, akakuta huna ubaya, akakuambia urudi na mume wako. Mume wako akacheka. Mkaliacha hapo. Mama, kwa nini mliliacha hapo? Umekunywa majani, umeombewa, umepimwa, umetukanwa mbele ya wateja, na sasa mnyama mzima anatafutiwa gunia, na katika nyumba yote hiyo mtu mmoja tu hajawahi kupimwa. Sisemi ubaya uko kwake, mimi si daktari. Nasema hakuna anayejua, kwa sababu hajakanyaga zahanati.

Bwana karani, kama uko karibu na transista, usiinuke. Ni rahisi kumwachia mama yako aseme. Wewe ulisoma, unajua kwamba watoto hawahami kutoka tumbo la mtu kwenda la paka, na bado ulishika pasi ukanyamaza mke wako akiitwa tasa mlangoni kwake. Jumatatu vaa hiyo abakosti iliyopigwa pasi vizuri, mshike mke wako mkono, mwende kwa sista wote wawili. Hakuna kitakachopungua kwako.

Nawe mama mkwe, shikamoo. Sikudharau. Unamtaka mjukuu, na hilo ni haki yako kulitamani. Lakini mkwe wako aliishika miiko yako neno kwa neno mpaka akamfundisha paka. Wakwe wa namna hiyo hawajajaa mjini.

Sasa wewe, Mama wa Paka, nimalizie kwako. Umefanya vizuri kumkatalia Mama Madina, ingawa alikutakia mema. Kesho usikubali kukaa jikoni ukipika huku wengine wanakuamulia. Mwache mtu mwingine apike. Kalia kiti, si mkeka, ndani ya nyumba uliyoibebea matofali, na usilie, hata wakikuchokoza. Hao tonton wakikuuliza unachagua nini, paka au ndoa, waambie hivi, polepole wasikie wote:

"Mi sichagule kitu. Paka inabaki, na mi ninabaki. Mutu wa kunifukuza humu ndani iko moja tu, ni ule nilifunga naye ndoa."

Kisha funga mdomo, mgeukie mume wako, mtazame usoni mbele yao wote, na usiondoe macho mpaka aongee.