Ukurasa Ulioshangilia Kila Jibu

Jumatatu, 8 Machi 1999
Nimefungua ofisi, nimepuliza vumbi kwenye kibodi. Kisumu hii hakuna mwenye bahati kama mimi. Niliishia kidato cha pili tu, lakini nikigusa kitu kinafanya kazi mara ya kwanza. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Maseno wanakuja kuniuliza!
Ukurasa wangu wa kompyuta, nilioandika kwa lugha ya JavaScript, uko tayari. Mtu anaomba kibanda cha maonyesho ya akina mama Nairobi, ombi linapita kwa laini ya simu, jibu linarudi, ukurasa unaandika "Imepokelewa". Wa kwanza Mama Atieno wa mtaa wa Obunga, yeye na kikundi chake cha wauza omena, dagaa wa ziwani. Imepokelewa! Vigelegele mpaka fundi viatu wa nje akaacha sindano. Nimeletewa samaki mbuta wa kukaanga. Bahati tupu.

Jumatano, 10 Machi
Nimefungua jibu lenyewe la Nairobi, lile ukurasa unalificha. KOSA: HAKUNA NAMBA YA SIMU.
Mjinga mimi. Niliufundisha ukurasa kushangilia jibu lolote likifika. Kwani kila anayebisha hodi ameleta sukari? Na wale mama wameshashona sare. Maombi yanafungwa Ijumaa saa sita mchana.

Alhamisi, 11 Machi
Nimemwambia Mama Atieno. Aibu kubwa.
"Kijana yangu, hii kompyuta imejifunza uongo wapi?"
"Kwangu, Mama."
Amecheka mpaka akaketi chini. Nampenda huyu mama.
Kikundi hakina simu. Tumeomba namba ya buchari moja ya nyama mtaa wa Manyatta. Mwenye buchari ameuliza, "Nairobi wakipiga, niseme mimi ndiye Mama Omena?" Amekubali.
Nimeandika ukurasa upya. Jibu likiwa sawa, useme sawa. Likiwa kosa, utaje kosa lenyewe. Lisipofika, useme halijafika, usinyamaze.
Nimetuma ombi upya. Ukurasa umesema: Halijafika. Laini imekufa.

Ijumaa, 12 Machi
Saa nne, halijafika. Saa tano, halijafika. Mama Atieno amekaa kando yangu, anaomba Mungu kwa Kijaluo.
Saa sita kasorobo: SAWA. KIBANDA 14.
Nimelisoma jibu lenyewe mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Halafu vigelegele nimepiga mimi, mwanaume mzima! Mama amenivuta barabarani tukacheza, baiskeli zinatupigia kengele.

Jumamosi, 13 Machi
Mvua kidogo. Ofisi kimya. Chai, mandazi mawili.
Nimesoma niliyoandika Jumatatu. Uongo. Ule ukurasa niliuandika mara kumi na moja. Hakuna kitu nimewahi kugusa kikafanya kazi mara ya kwanza.