Chumvi ya Tunguu

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Sote wazima; babu yako katiwa meno mapya, siku hizi anacheka hata msibani.

Umeuliza kama nnaamini umeme unaweza kugundua hewa ya kaboni ikivuja huko mnakoizika ardhini. Naamini. Miaka ya themanini, mama yako bado ananyonya, mafundi walikuja Tunguu kututafutia pa kuchimba kisima. Walipigilia vyuma nyuma ya nyumba yetu, wakapitisha umeme, wakasoma kipimo.

"Hapa pana chumvi," fundi akasema. "Kisima hakichimbwi."

Wanawake wakaanza kulia. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimemwaga pale pale ndoo tatu za maji niliyorowekea papa mkavu wa arusi ya wifi yangu.

"Chumvi hiyo yangu," nikasema kwa haya.

Fundi akaruka kwa furaha: "Basi kipimo changu kizima!"

Wakahamisha vyuma, na maji matamu yakapatikana.

Kipimo chako kiamini, mjukuu wangu. Lakini kabla hujawatisha watu, waulize majirani wamemwaga nini.

Bibi yako akupendaye,
Zuhura